Pindo Lisilo na Uzito

Cherehani ilikuwa imeshafika mlangoni ndipo mume alipouliza kama aishike mbele au nyuma.

"Usishike popote," mke akasema. "Nimeshakwambia naondoka mwenyewe."

"Ondoka. Lakini hicho ni chuma. Kikikuangukia mguuni utaondokaje?"

Mke akafikiri. Mguu alikuwa anauhitaji, tena kwa kukanyagia cherehani hiyohiyo. "Haya, shika nyuma," akasema. "Na usiniangalie."

Wakaibeba wawili, mke mbele, mume nyuma, mpaka kwenye mkokoteni uliokuwa unasubiri nje. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akadhani wamepata nyumba kubwa zaidi. Akawapungia mkono.

"Hongereni! Mungu awabariki huko mwendako!"

"Amina," mume akajibu.

Mke akamgeukia. "Unaitikia nini?"

"Amemtaja Mungu, ningekaa kimya?"

Mke huyu mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mumewe alikuwa fundi bomba, na hivyo ndivyo watu walivyomwita, Fundi Bomba, hata mama mkwe wake, ingawa mama mkwe alilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu.

Mchana ule Sindano alikuwa amepeleka kanisani kanzu za ubatizo alizomaliza kushona. Kanisa lao huzamisha watu majini. Nyuma ya madhabahu kuna birika lililochimbwa sakafuni, lina ngazi za saruji, na siku za kawaida hufunikwa kwa mbao. Siku hiyo mbao zilikuwa zimetolewa. Mumewe alikuwa ndani ya birika tupu, anaziba ufa uliokuwa unavujisha maji. Na juu, ukingoni, miguu ikining'inia, alikuwa ameketi mwanamke. Hawakuwa wamegusana. Hata karibu hawakuwa. Mwanamke alisema jambo, Fundi Bomba akasikiliza huku ameshika spana, kisha akatabasamu. Sindano akaziangusha kanzu palepale sakafuni na kwenda kutafuta mkokoteni.

"Ulitabasamu," alisema sasa, akikaza kamba juu ya cherehani.

"Mtu akisema neno la kuchekesha nifanyeje?"

"Ulitumia shavu la kushoto. Mimi nalijua hilo, ndilo ulilonioa nalo. Yule mwanamke akiniona si anajua tayari kila kitu changu? Nyumba yangu anaijua, kitanda changu alikiulizia rangi ya shuka. Sasa na kanisa langu! Mji umejaa makanisa, yeye kaliona hilo tu?"

"Sindano..."

"Usiniite hivyo. Niite jina la kwenye cheti."

Hakumwita. Alisimama katikati ya barabara mikono ikinuka mafuta ya spana, akiangalia mkokoteni unavyoondoka na mke wake anavyotembea nyuma yake ameshika meza ya cherehani isiyumbe. Sindano alitaka kugeuka. Hakugeuka. Kwenye kona tu ndipo alipoinama kama anayefunga kiatu, akatazama kwa chini ya kwapa. Mumewe alikuwa bado amesimama palepale. Moyo ukamruka, akaukemea.

Yule mwanamke wa birikani waliwahi kumpa jina Manukato, Sindano na mama yake, na jina likabaki. Lilitokana na kola. Kulikuwa na wakati Fundi Bomba alikuwa anachelewa kurudi, kila siku bomba la mtu limepasuka, na Sindano alipokuwa anafua mashati akakuta harufu kwenye kola, harufu ya maua matamu yaliyokaa kabatini. Hakupiga kelele. Alifua lile shati mpaka likachanika. Baadaye mambo yakatoka nje, mume akalia, akakiri mbele ya mchungaji, akaachana na yule mwanamke kweli kweli. Mchungaji akamuuliza Sindano, "Je, umemsamehe?" Nje kulikuwa na wanandoa wengine wanasubiri zamu yao, na kiti kilikuwa kigumu. Akasema, "Nimemsamehe."

Tangu hapo, kila Jumapili waumini wanaposali ile sala ya Bwana na kufika kwenye mstari wa kusamehe, Sindano hupatwa na kikohozi. Mstari ukipita, kikohozi kinakwisha. Hakuna aliyeligundua hilo isipokuwa mumewe, na mumewe hakuthubutu kuuliza.

Kisha Manukato akaanza kuja kanisani. Mwanzo alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Halafu Jumapili moja akaenda mbele analia, akaombewa, na kanisa zima likashangilia kwa makofi. Sindano alipiga makofi pia, taratibu, kama anayekung'uta unga mikononi.

*

Mama yake Sindano alikuwa muuza mayai. Nyumba nzima ilikuwa trei za mayai: juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye kiti cha wageni. Hapakuwa na mahali pa kubamiza kitu. Sindano, ambaye akikasirika huweka sahani mezani kwa kishindo, alijikuta anaitembeza hasira yake kwa ncha za vidole.

"Nilikwambia," Mama akasema.

"Mama, usianze."

"Sijaanza leo. Nilianza siku alipokuja kuposa ana matope kwenye kola. Nikasema, mtu anayeshinda kwenye mitaro ya watu, kuna siku atateleza."

"Aliteleza, akatubu."

"Sasa unamtetea? Mbona cherehani iko chumbani kwangu?"

Sindano akatunga uzi kwenye sindano asiyokuwa na kazi nayo.

"Na huyo Manukato wako naye ameokoka?"

"Si wangu. Anabatizwa Jumapili. Na mchungaji ametuma ujumbe, kanzu yake ndiyo iliyobaki."

Mama akacheka mpaka akalazimika kuweka chini trei aliyoshika. "Umshonee wewe? Mshonee gunia! Akate shimo la kichwa mwenyewe!"

"Mchungaji anasema mtu akitubu anakuwa mpya."

"Mpya! Sura si ileile? Kiuno si kilekile?"

Neno hilo la kiuno lilimwingia Sindano kama mwiba wa samaki kooni. Alilala nalo, akaamka nalo. Alijaribu kuomba. "Bwana, nisaidie," alianza, halafu akakiona kile kiuno na mkono wa mumewe umekizunguka, sala ikaishia hapo.

Mchana Manukato akaja kupimwa.

"Hodi, shikamoo mama."

Mama alikuwa mlangoni. Akamtazama kuanzia nywele hadi viatu, akarudia kwa kupanda. "Marahaba. Pita. Ila humu kuna mayai, na wewe nasikia una mazoea ya kugusa vitu vya watu."

Manukato akainamisha kichwa, akapita. Alikuwa amevaa gauni la kawaida, kilemba kichwani, uso hauna kitu. Sindano alikuwa amejiandaa kwa ile harufu. Alikuwa ameshabana pumzi. Lakini harufu haikuja. Mwanamke alinuka sabuni ya kufulia, basi. Na hilo nalo likamuudhi, kwa sababu mtu ukishajiandaa kuchukia kitu fulani, unataka ukikute pale kinapotakiwa kuwa.

"Inua mikono," akasema.

Alimpima mabega, akampima urefu. Vikabaki vipimo vya kiuno. Kupima kiuno cha mtu ni lazima umkumbatie, hakuna namna nyingine. Sindano akapitisha utepe nyuma ya mgongo wa mwanamke yule, shavu likakaribia kifua chake, akasikia moyo wake unavyodunda kwa hofu. Akaufunga utepe mbele, akaukaza kuliko inavyotakiwa. Kiuno kilikuwa chembamba. Si chembamba kama chake yeye, lakini kilikuwa na umbo ambalo chake hakikuwa nalo. Akaandika kipimo kwa chaki mezani, chaki ikakatika.

"Pale birikani alikwambia nini?"

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Manukato akashusha mikono. "Dada, mimi ndiye niliyemfuata. Nilimwuliza kama nikabatizwe kanisa lingine, ili wewe usipate shida. Akasema, hilo si langu kuamua, kamuulize mke wangu. Nikamwambia, mkeo namwogopa kuliko hayo maji unayotaka kuyajaza humo. Ndipo akatabasamu."

Sindano akaziuma pini alizokuwa amezibana mdomoni. Kumbe lile tabasamu lilikuwa lake. Mumewe alitabasamu kwa kumkumbuka yeye. Mtu mwingine angepoa hapo. Yeye alizidi kuungua, kwamba tabasamu lake yeye, la shavu la kushoto, limetolewa hadharani akalifaidi mwanamke huyu.

"Basi ndiyo nimekuja kukuuliza," Manukato akaendelea. "Sijaja kuomba unipende. Nilichokufanyia nakijua. Ukisema niende kwingine, nitaenda leo, na sitakuweka moyoni."

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, *nenda*, na yamekwisha. Lakini hapo ndipo wazo lilipomjia Sindano, na wazo lenyewe lilikuwa tamu.

Kanzu ya ubatizo ina siri yake. Kitambaa kikiingia majini hewa hubaki chini yake, nacho hupanda, hufunguka kama mwavuli, na aliyevaa hubaki wazi mbele ya kanisa zima. Ndiyo maana pindo la chini hushonwa pana, na ndani yake hutiwa vipande vidogo vya risasi, yale madini laini na mazito yaliyokuwa yanatumika kwenye mabomba ya zamani. Uzito ule huvuta nguo chini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ukiitazama kanzu ikiwa imetundikwa, huwezi kujua kama risasi imo au haimo. Fundi pekee ndiye anayejua.

"Batizwa hapohapo," Sindano akasema. "Maji yale hayana mwenyewe. Na kanzu nitakushonea mimi."

Macho ya Manukato yakajaa machozi. "Dada, Mungu akubariki. Na... samahani. Nasikia kanzu huwa inapanda. Ndani nitavaa shimizi tu. Pale kanisani wote wanajua nilivyokuwa, wanaume wengine wakiniangalia wanatabasamu bado. Wakiniona hivyo, wakacheka, najijua. Nitatoka mbio, na sitarudi tena. Si pale tu. Popote."

"Kwenye kanzu zangu haipandi," Sindano akasema, akitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine.

Mpaka siku ile, hilo lilikuwa kweli.

*

Jumamosi Fundi Bomba akaja na mkebe wa risasi. Alikuwa analeta kila kanzu inaposhonwa. Akibomoa mabomba ya zamani huweka vipande kando, huvikata vidogo vidogo kwa mkasi wa bati, huvigonga bapa, huvisugua kingo visije vikatoboa kitambaa. Ndivyo walivyojuana. Miaka ya nyuma kanzu ya mzee mmoja wa kanisa ilipanda majini ikamfunika hadi kichwa, na kijana aliyekuwa anarekebisha koki akamfuata msichana aliyeishona, akamfunulia leso yenye vipande vizito, akasema, "Dada, jaribu hivi." Shavu la kushoto likainuka. Mengine yakafuata.

"Mkwe," Mama alimpokea mlangoni, "humu hakuna bomba lililopasuka."

"Najua, mama. Nimeleta mzigo wa mke wangu."

"Mke wako yupi? Fafanua."

"Mama!" Sindano akaita kutoka ndani.

Akaingia kwa upande kati ya trei. Wakatazamana. Alikuwa hajanyoa. Kidole gumba chake kilikuwa na jeraha jipya, amejikata na bati, na amelifunga kwa kitambaa ovyo ovyo, fundo kubwa kuliko jeraha. Mkono wa Sindano ukataka kwenda kulifungua lile fundo na kulifunga upya. Akaukalia.

"Weka hapo."

Akauweka mkebe juu ya meza ya cherehani. Kanzu nyeupe ilikuwa imelala pale, pindo limeshakamilika, limepigwa pasi. Macho yake yakalipita. Kama aliona, hakusema.

"Birika halivuji tena," akasema.

"Hongera."

"Nyumba ipo kimya. Hata sahani hazisikiki."

"Tafuta wa kukupigia. Unawajua wanapopatikana."

Akapokea hilo kama anavyopokea maji machafu usoni kazini, kwa kufumba macho tu. "Kesho mchungaji alitaka nisimame ngazini, niwashike mkono wanaoshuka. Nimekataa. Nimesema mkono huu una mtu wa kumshika."

Sindano akausogeza mkebe upande wa pili wa meza. Mumewe alipokwisha kutoka, yeye alienda dirishani, akasimama nyuma ya pazia, akamtazama mpaka akapotea.

"Utavunja trei hiyo," Mama akasema. Sindano alikuwa ameegemea mayai bila kujua.

Usiku ulipita. Pindo halikufumuliwa.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mama naye alikuja, yeye ambaye hakuwa mtu wa kanisa, akasema amekuja kupunga upepo. Sindano alikaa benchi la pili. Mapajani alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na ule mkebe. Kwa nini aliubeba, hata yeye hakujua. Ulikuwa mzito, ukamkandamiza mapaja, kila akihama na wenyewe unahama naye.

Wakasali ile sala. Kwenye ule mstari, kikohozi kikaja kama kawaida. Safari hii kilimkaba hadi machozi yakamtoka, na mama mmoja wa nyuma akampa pipi.

Wakaanza kushuka majini, mmoja mmoja. Mama mmoja mzee wa kanisa alisimama ngazini akiwashika mkono. Fundi Bomba alikuwa kando kabisa, karibu na koki, mgongo ukiwa ukutani, na hakuangalia birika hata kidogo. Alikuwa anamwangalia mke wake. Kanzu zote zilishuka sawasawa, nzito, za heshima. Watu wakazama, wakaibuka, wakaimbiwa.

Manukato alikuwa wa mwisho.

Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mwanamume mmoja akamgonga mwenzake kwa kiwiko. Maji yalipomfika magotini, pindo likaanza kuinuka. Kwanza kidogo tu, upande mmoja, kama jani. Manukato akalikandamiza kwa mkono. Likainuka upande wa pili. Akalikandamiza. Akashuka ngazi nyingine na kanzu yote ikajaa hewa, ikafunguka.

"Kunja mikono kifuani, mwanangu," mchungaji akamwambia kwa upole. Hakuwa ameona bado.

Hakuweza kuikunja. Akiiondoa tu, kila kitu wazi. Kule nyuma mtu akaguna kicheko.

Ndipo Manukato akainua macho. Hakumtafuta Fundi Bomba. Sindano aliliangalia hilo, alilisubiri, na halikutokea. Yule mwanamke alimtafuta yeye. Na macho yale hayakuwa na lawama. Yalikuwa macho ya mteja anayemtazama fundi wake: dada, nguo yangu, ulisema haipandi.

Sindano akasimama. Mkebe ukaanguka kutoka mkobani, vipande vya risasi vikatawanyika sakafuni kwa kelele, na kila mtu akageuka. Akatembea juu yake. Akampita mama mzee wa ngazini, akaingia majini na gauni lake la Jumapili na viatu vyake. Maji yalikuwa baridi mpaka akakosa pumzi.

Kutoka kwenye mabenchi sauti ya Mama ikasikika wazi: "Na viatu vipya jamani!"

Akapiga magoti ndani ya maji, yakamfika kidevuni. Akalikamata pindo kwa mikono miwili, akalivuta chini, akalishikilia kwenye vifundo vya miguu ya mwanamke aliyelala na mume wake.

"Fundi," mchungaji akasema taratibu, "kuna nini?"

"Pindo halina risasi."

"Imesahaulika?"

Angeweza kusema ndiyo. Mchungaji mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango. "Haikusahaulika," akasema, na birika lile likakuza sauti yake. "Mimi ndiye niliyeiacha, kwa makusudi. Nilitaka mcheke. Endelea tu, nimelishika."

Manukato akatazama chini, akaona kichwa cha Sindano kati ya maji, nywele alizosuka kwa ajili ya Jumapili zimelowa zote.

"Ulijua tangu siku ya kupima?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu siku ya kupima."

"Na sasa?"

"Sasa kunja mikono. Sina pumzi nyingi."

Manukato akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Mchungaji akamlaza majini kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alipozama, mvuto ukamchukua na Sindano, maji yakamfunika utosi, na kule chini hakuona wala kusikia kitu, alijua tu kwamba ameshika na haachii. Wote wawili wakaibuka wanakohoa. Kilikuwa kikohozi cha maji tu, lakini Sindano alipokimaliza alijisikia mwepesi kifuani, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa muda mrefu.

Kwaya ilichelewa, kisha ikaimba kwa nguvu zote.

Juu ya ngazi alikuwa amesimama Fundi Bomba. Taulo zilikuwa zimebaki moja. Akasimama nayo mbele ya wanawake wawili waliolowa, kanisa zima linatazama, na Sindano, pamoja na yote aliyoyafanya, akahisi kale kadudu kake ka wivu kanaamka: tuone atampa nani.

Akampa mkewe. Hata hakusita.

Sindano akaishika ile taulo. Akaigeukia ile kanzu iliyogandamana na mwili, akamfunika Manukato mabegani, akaikutanisha mbele vizuri, kama anavyomfunga mteja kifungo cha mwisho. "Usipigwe na baridi," akasema. Haikuwa sauti tamu sana. Ilikuwa sauti ya mtu anayejaribu.

"Nisamehe, dada," Manukato akasema.

"Nimeanza. Na wewe nisamehe hili la leo."

"La leo limeshazama humo."

Fundi Bomba akavua koti lake, akamvika mke wake.

Wakakutana wawili tu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, yeye ameketi juu ya benchi, maji yakimdondoka, mumewe amechuchumaa anamvua viatu.

"Siku ile kwa mchungaji," Sindano akasema, "sikuwa nimekusamehe. Nilisema tu kwa sababu watu walikuwa wanasubiri."

"Najua. Nilikuwa nakusikia unavyokohoa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu."

Sindano akaguna. Akamshika kile kidole gumba, akakifungua kitambaa, akakifunga upya, fundo dogo. "Sikuahidi kwamba sitaona wivu. Hata sasa ninao. Umenielewa? Niombee, lakini usinichekee mtu."

"Hata wewe?"

"Mimi nichekee tu."

Shavu la kushoto likainuka. Sindano akalitazama kwa karibu, kwa muda mrefu, peke yake.

*

Cherehani ilirudishwa wiki hiyohiyo, na jirani akawapongeza tena kwa kuhama. Hawakumweleza.

Manukato aliimba kwaya pale kwa muda, sauti ya pili. Baadaye alipata kazi kwenye duka la dawa katika mji mwingine, akaolewa huko na mwalimu wa hesabu aliyefiwa na mkewe. Gauni la harusi alimshonea Sindano. Alimpima kiuno bila kukaza utepe.

Mchungaji alihamishiwa kanisa lisilo na birika.

Mama aliendelea kuuza mayai, na aliendelea kulitamka jina la Fundi Bomba vilevile. Alibatizwa uzeeni. Kabla ya kuivaa kanzu alilipapasa pindo lote, kipande kwa kipande, kwa kuwa alimjua fundi.

Fundi Bomba na Sindano walipata mtoto wa kike, mwenye kelele. Kwenye ule mstari wa sala Sindano hakohoi tena, ingawa huusema polepole kuliko wenzake. Mashati bado anayanusa kabla ya kuyafua. Mumewe anajua, na akiyavua huyaweka juu kabisa ya kapu, kola ikiwa imegeuzwa nje.